Mahali Pasipoandikika

S.L.P. 418,
Kisumu.
7 Machi 1971

Kwa Mama mkwe ninayemheshimu, Mama Nasambu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Mamboleo. Natumaini magoti yako yamepoa, na kwamba yule ng'ombe mwekundu amekwisha kuzaa bila kukutoa usingizini. Sisi hatujambo, ila kuna neno moja nitakaloliweka mwisho, maana habari njema ndiyo hutangulia.

Habari njema ni kwamba umezaliwa. Umezaliwa tarehe tisa Februari, alfajiri, una nywele nyingi na sauti ya kuuzia samaki sokoni. Kwetu Wagikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, ndiyo maana tunaye Mumbi, na wa pili hupewa jina la mama wa mke. Kwa hiyo huyu ni Nasambu. Mwezi mzima sasa nalala nyumba moja na mama mkwe, ananipigia kelele usiku kucha, nami sithubutu kumkaripia. Jentrix anacheka mpaka anashika mbavu.

Mbuzi yule sijamsahau. Nilipofika kwako mara ya kwanza, mwaka wa sitini na sita, nilikunyooshea mkono mbele ya wazee, kwa sababu kwetu kumpa mtu mkono ndiyo adabu. Nikatozwa mbuzi, kisha shemeji yangu Wepukhulu akanichukua nyuma ya ghala akanifundisha yote: nisikuangalie usoni, nisile mbele yako, nisitaje mbele yako jambo lolote la mwili wa mtu. Nilijifunza vizuri, Mama. Ndiyo maana naipenda barua. Karatasi haina macho.

Sasa lile neno. Jentrix ametokwa na jipu, leo siku ya nane. Mahali lilipo si mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kumwandikia mtu kama wewe, kwa hiyo uniwie radhi nikisema jipu tu. Ni jekundu, gumu, lina moto ukiliwekea mkono karibu, na ukubwa wake ni kama yai. Halijatoa kichwa. Angekuandikia mwenyewe, lakini mkono wake wa kulia haunyanyuki vizuri. Mtoto tumeanza kumsaidia kwa maziwa ya ng'ombe, ya kuchemsha, kwa kijiko.

Jirani yetu Aoko, yule mama anayeuza samaki wa ngege hapa njia panda, anataka twende kwa dresa wa zahanati akalipasue. Jentrix amekataa. Anasema wewe umetibu majipu ya nusu ya kijiji na hukumpoteza mtu, na kwamba hakuna kisu kitakachomgusa kabla mama hajasema. Basi tunangoja useme.

Ni mimi mkwe wako,
Kangethe wa Waweru

*

S.L.P. 27,
Kimilili.
18 Machi 1971

Kwa mkwe wangu Kangethe,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako ilikaa shuleni siku sita kwa sababu mwalimu anayetuletea barua alikuwa na msiba. Magoti yangu ni yale yale. Ng'ombe alizaa dume. Mvua imeanza na tumekwisha kupanda mahindi upande wa chini, na Wepukhulu bado yuko kazini Kitale, anarudi mwisho wa mwezi akipenda, asipopenda harudi.

Kuhusu jina, umenitisha. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa. Niliposoma kwamba mtoto ni Nasambu nilijipapasa kwanza nione kama bado nipo. Lakini nimekwisha kusema moyoni kwamba mila yako nayo ina wenyewe, na kwamba kuitwa mtoto mchanga katika umri huu si jambo la kukasirikia. Mbusu mjukuu wangu. Umekatazwa kunitazama mimi, yeye hujakatazwa.

Sasa jipu. Umefanya vyema kuuliza mapema, maana mficha maradhi kilio humfichua. Sikiliza basi. Chemsha maji, tia chumvi kijiko kimoja kwa bakuli, yakifikia joto ambalo mkono unavumilia chovya kitambaa safi, kamua, umkande. Robo saa, mara nne kwa siku, na usichoke siku ya pili kama wanaume wanavyochoka. Kila kitambaa kichemshwe kabla ya kutumika tena, na anayemkanda anawe kwa sabuni kabla na baada, maana usaha wa jipu moja huzaa majipu sita nyumba nzima. Usiku saga sabuni ya kipande pamoja na sukari, ulainishe kwa maji kidogo, mpake juu, ufunge. Hiyo huvuta. Mtu yeyote asilikamue. Nasema mtu yeyote. Anayelikamua jipu bichi hulirudisha ndani, na likirudi ndani linatafuta damu.

Kisu kingoje. Jipu bichi halipasuliwi, na haraka haraka haina baraka. Liache liive, litoe jicho jeupe, litumbuke lenyewe. Homa kidogo jioni ni kawaida, mwili unapigana. Lakini kama lingekuwa usoni, karibu na pua au mdomo wa juu, usingengoja hata saa moja, ungekimbia hospitali, kwa sababu hapo ni karibu na ubongo. Kwa kuwa si usoni, kanda tu.

Hujaniambia mahali, nami sikuulizi. Umefanya kama mtoto mwenye adabu. Mbuzi yule hakuliwa bure.

Ningekuja mwenyewe, lakini unajua kwamba kwetu mama mkwe hakanyagi nyumba ya mkwe kabla wazee hawajafanya sherehe ya kumfungulia mlango, na wazee wako wako Murang'a na wangu wanangojea mavuno. Mwambie Jentrix ale vizuri, na mchuzi wa samaki usikose.

Mama yake Jentrix,
Nasambu

*

S.L.P. 418,
Kisumu.
29 Machi 1971

Kwa Mama mkwe ninayemheshimu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mumbi amejifunza kuhesabu mpaka kumi kwa Kijaluo, Aoko anamfundisha kwa vichwa vya samaki. Kazi ya baiskeli inakwenda. Siku ya soko nilikwenda Kisian, nikabadilisha matairi matatu na kunyoosha rimu moja iliyokunjwa na lori la miwa. Wenzangu wengi kutoka kwetu walifunga na kuondoka mji huu ule mwaka wa fujo za siasa, sitini na tisa, mimi nikabaki, na sijuti, maana watu wananiletea baiskeli hata kutoka Pap Onditi wakisema Mgikuyu wa Mamboleo hadanganyi.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na mbili. Mama, nimekanda. Nimekanda asubuhi kabla ya kufungua kazi, mchana nimefunga kibanda nikarudi kukanda, jioni tena na kabla ya kulala. Sabuni na sukari nimesaga mimi mwenyewe. Vitambaa vinachemka kwenye sufuria moja siku nzima mpaka Mumbi akadhani ndicho chakula.

Juzi lilitoa jicho dogo, likatumbuka, usaha ukatoka wa kujaza kifuniko cha chupa, na Jentrix akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nilitaka kukuandikia siku ile ile kwamba umeshinda. Lakini jana kumeota uvimbe mwingine pembeni, chini zaidi, na huu hauna jicho wala dalili ya jicho. Ngozi imekuwa ya zambarau. Homa haiji jioni peke yake sasa. Inakuja na kutetemeka, meno yanagongana, kisha jasho mpaka shuka linakamulika. Mkono wa kulia haushiki hata kikombe.

Ninajaribu kukueleza zaidi bila kuvunja heshima. Ni upande wa mbele, juu. Basi, nimesema.

Mtoto sasa anakunywa maziwa ya ng'ombe zaidi kuliko mengine, na tumbo linamsumbua. Je, aendelee hivyo? Aoko ananiambia kila siku nimpeleke Jentrix. Hata leo ameniita mjinga mbele ya wateja. Nimemwambia mama yake ndiye daktari wetu, na mama amesema kisu kingoje. Jentrix pia anasema hivyo, lakini siku hizi anasema kwa sauti ndogo.

Nijibu upesi ukiweza.

Mkwe wako,
Kangethe

*

S.L.P. 27,
Kimilili.
7 Aprili 1971

Mkwe wangu,

Nakusalimu. Watu wa hapa wako salama. Barua yako imenifikia jana, nimeisoma mara nne.

Acha kukanda. Mpeleke hospitali kubwa, leo, siku hii unayoisoma. Usiende kwa dresa, nenda hospitali kubwa. Waambie ana mtoto mchanga na waambie homa ya kutetemeka imeanza lini. Usiwaambie habari ya sabuni na sukari ukianza, waambie hayo mawili kwanza. Yale niliyokuandikia kuhusu kisu, yafute.

Sikuelezi kwa nini. Fanya tu. Aoko amekuita mjinga, msalimie sana.

Mtoto apewe maziwa yaliyochanganywa na maji yaliyochemshwa, kwa kikombe safi, si kwa chupa.

Wepukhulu akirudi kwa Pasaka nitamtuma kwako.

Nasambu

*

Kisumu,
12 Aprili 1971
Jumatatu ya Pasaka

Kwa Mama mkwe,

Salamu za Pasaka. Barua yako sijaipata, au labda imo ndani ya sanduku na posta imefungwa tangu Ijumaa Kuu.

Nakuarifu kwamba jana nimempeleka Jentrix hospitali kubwa. Hakuwa akinijibu vizuri. Aliniita kwa jina la baba yake marehemu, akataka nifunge ng'ombe. Aoko alisimamisha gari la mwalimu mmoja barabarani, tukampakia. Madaktari walilipasua saa ile ile. Usaha ulijaza bakuli. Wamemtia maji ya mshipani na sindano za penisilini, na sista anasema tungoje tuone.

Leo mchana alifumbua macho akauliza kama mtoto amekunywa. Nikasema amekunywa. Kwa hiyo kuna nafuu, Mama. Nadhani kuna nafuu. Usihangaike na safari, njia ni mbaya mvua hii na magoti yako nayajua. Nitakuandikia keshokutwa.

Mumbi na mtoto wako kwa Aoko.

Kangethe

*

S.L.P. 27,
Kimilili.
3 Mei 1971

Kangethe,

Siku kumi na tatu zimepita tangu tumzike mwanangu kwenu Murang'a. Simu yako ya posta ilifika Ijumaa ile, maneno manne tu, JENTRIX AMEFARIKI JANA NJOONI, na mpaka leo nikiona karani wa posta njiani naingia mahindini.

Nawashukuru watu wa kwenu. Walitupokea vizuri, walitupa pa kulala, na mama yako alinishika mkono akalia nami. Ardhi ya kwenu ni nyekundu kuliko yetu. Uliposimama upande wa pili wa kaburi sikukutazama, wala wewe hukunitazama, na watu wakasema tazameni heshima ya hawa wawili. Nilisikia mtu akisema hivyo.

Wepukhulu alizungumza na sista wa hospitali kabla ya mwili kuchukuliwa. Njiani kurudi, karibu na Nakuru, aliniambia jipu lilikuwa wapi. Sitaliandika hapa.

Nataka mtoto. Mumbi ni wa mama yako, jina lake linasema hivyo na sipingi. Lakini mchanga hawezi kulelewa na fundi wa baiskeli na muuza samaki, hata muuza samaki akiwa na moyo wa dhahabu. Mlete mpaka kituo cha mabasi Bungoma Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Wepukhulu atampokea. Lete na kadi yake ya kliniki, na shuka moja la mama yake ambalo halijafuliwa.

Huna haja ya kufika nyumbani.

Nasambu

*

S.L.P. 418,
Kisumu.
20 Juni 1971

Kwa Mama Nasambu,

Salamu. Natumaini mtoto ameacha kuharisha na kwamba amezoea moshi wa jiko lako. Mumbi nilimpeleka kwa mama yangu, akalia njia yote mpaka Naivasha. Sasa niko peke yangu. Aoko ananiletea chakula na haniambii neno. Angenitukana ningefurahi.

Kazi nafanya vibaya. Wiki iliyopita mtu alileta tairi lililovimba ubavuni, nikamwambia usipande hii hata hatua moja, itakupasukia, nikalitoa pale pale. Alipoondoka nilifunga kibanda. Kwa tairi la mtu nisiyemjua sikungoja barua ya mtu yeyote.

Barua yako ya tarehe saba Aprili niliikuta sandukuni tarehe kumi na saba. Alikuwa amekufa siku mbili. Niliisoma nikiwa nimesimama posta, na karani akaniuliza kama nataka maji. Tangu siku hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko Biblia. Umeandika SIKUELEZI KWA NINI. Mama, wewe ulijua kitu. Nimelala na maneno hayo miezi miwili.

Acha mimi nieleze kwanza. Jipu lilikuwa kwenye titi. Titi la kulia, upande wa kwapani. Nimeandika. Mkono haujakauka. Nitoze mbuzi mwingine ukitaka, nitoze ng'ombe.

Siku ile ya kwanza, tarehe saba Machi, Jentrix alikuwa kitandani na mimi nimekaa mezani na kalamu. Aliniambia, "Mwambie mama ni titi. Mwambie tu, yeye atajua la kufanya." Nikamjibu, "Nitaandikaje neno hilo kwa mama mkwe?" Akasema basi nimpe kalamu aandike yeye. Akajaribu. Mkono ukakataa, akaandika herufi mbili za jina lako, na mtoto akaanza kulia, akaacha. Nikamwambia asijali, nitazunguka, wewe ni mtu mzima utaelewa. Nilijiona nina busara, nilijiona mkwe mzuri kuliko wakwe wote wa Kibukusu. Nilipopata barua yako ya kunisifu nilimsomea sehemu hiyo kwa sauti. Aligeukia ukutani. Nilidhani ni maumivu.

Hospitali, daktari aliniuliza yuko na nini, nikasema titi, mara moja, neno moja, mbele ya watu sita kwenye benchi. Halikunichoma mdomo. Akaniuliza ni siku ngapi. Nilipomwambia wiki sita alitua kalamu yake. Akasema mama anayenyonyesha akivimba hivyo na homa, haletwi wiki ya sita, huletwa siku ya pili. Akasema hata ile ya kumwachisha mtoto upande ule ilikuwa kosa, maziwa yalikwama humo ndani yakaoza. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kuyasema kwa wengi.

Alikufa Alhamisi saa tisa mchana. Nilikuandikia kwamba kuna nafuu, na nilipokuwa nikiandika nilijua hakuna. Mikono yake ilikuwa na madoadoa. Sikutaka uje, kwa sababu ungekuja ungeniuliza jipu liko wapi.

Nakuuliza jambo moja, na wewe ni mtu wa kanisa, hutadanganya. Kama ningeandika neno lile siku ile ya kwanza, Jentrix angepona?

Kangethe

*

S.L.P. 27,
Kimilili.
12 Septemba 1971

Kangethe,

Nakusalimu. Mahindi tumevuna, nusu yameliwa na panya kwa sababu Wepukhulu hakuziba ghala. Mtoto ana meno mawili chini. Anatambaa kinyumenyume. Tumbo limetulia tangu mwezi wa saba, lakini uzito wake haujafikia mstari wa kadi, na sista wa kliniki hunitazama kana kwamba namnyima. Namnyima nini? Ninacho nampa. Asichonacho hakipo dukani.

Barua yako ninayo tangu mwisho wa Juni. Usidhani ilipotea. Nilikuwa nikiandika jibu na kulichoma, jioni baada ya jioni, na kuchoma barua ni kazi ninayoifahamu, kama utakavyosikia.

Nilikuwa na dada, Mulongo, pacha wangu. Hakuna aliyekwambia, kwa sababu haongelewi. Alivimba titi mtoto wake akiwa na wiki tano. Mama yetu alimkanda, akamfunga majani, akamkataza mtoto asinyonye upande ule. Mkono wake wa kulia haukunyanyuka. Alianza kutetemeka wiki ya nne ya ugonjwa na hakumaliza ya sita. Nilikuwa na miaka ishirini, nilimshikia bakuli. Baada ya pale ndipo nilipojifunza majipu, Kangethe. Ya paja, ya kwapa, ya shingo, ya makalio, nimeyatibu yote, na la titi hata moja sijaligusa. Wanawake wa hapa wanajua. Wakija na la titi nawasukuma mlangoni, waende hospitali siku ile ile, na mtoto wao aendelee kunyonya njiani. Ndiyo maana sijapoteza mtu. Mwanangu alilijua hilo. Ndiyo maana alikwambia mama atajua.

Sasa soma taratibu. Barua yako ya kwanza iliponifikia ilisema mwanamke ana mtoto wa mwezi mmoja, mkono wa kulia haunyanyuki, mtoto anaongezewa maziwa ya kijiko, na jipu liko mahali pasipoandikika. Ulidhani umeficha. Hukuficha kitu. Nilijua kabla sijafika kwenye jina lako pale chini.

Nikaandika jibu. Barua uliyoipata haikuwa ya kwanza. Katika ya kwanza niliandika, kama ni titi mpeleke hospitali leo. Kisha nikaisoma nikaona neno lile limekaa pale, kwa mkono wangu, linakwenda kwa mwanamume aliyemwoa binti yangu. Nikafikiri atakavyolisoma. Nikafikiri mwalimu akifungua bahasha, maana hufungua. Nikajiambia, labda ni paja. Nikajiambia, kama lingekuwa titi angenidokeza. Nikaitia barua jikoni, nikaandika ile nyingine, yenye chumvi na sabuni na maneno ya kukusifu. Nilikusifu kwa kuninyamazia, kwa sababu kunyamaza kwako kuliniruhusu na mimi ninyamaze.

Na ile ya Aprili, nilipokuwa sina shaka tena, niliitia posta kama barua. Simu ilikuwepo, karani yuko dirishani, maneno mawili matatu yangekufikia siku ile ile na posta yenu ilikuwa bado haijafungwa kwa Pasaka. Lakini simu ya posta huandikwa na karani, na karani angeuliza mgonjwa anaumwa nini.

Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani. Jumapili iliyopita nilisimama nikaanza kuwaambia wasichana habari ya titi linalovimba, waje upesi, wasingoje. Mchungaji alikohoa. Wanaume walikuwepo. Nikakaa chini kabla sijamaliza.

Usije Desemba. Najua umemwandikia Wepukhulu kwamba unataka kumwona mtoto. Ukija nitakuwa jikoni na sitatoka, na haitakuwa kwa sababu ya mwiko. Subiri mwaka. Labda miaka miwili.

Swali lako nimelizungusha mpaka karatasi imekwisha, kama tulivyozoea. Wewe uliuliza kuhusu neno lako, nami naongeza langu, maana lolote kati ya hayo mawili lingetosha. Ndiyo. Angepona.

Nasambu